Niliwachanja, na bado wakafa

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ana pesa ya mkopo mkononi na anaulizia bei ya vifaranga. Mimi nilikuwa mtu huyo mwezi Mei 2019, hapa Mlandizi, mkoa wa Pwani. Nilikuwa na mkopo wa kikoba wa shilingi 2,000,000, akiba yangu ya 900,000, na hesabu niliyoiandika nyuma ya daftari la mwanangu la shule. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Inasema: kuku 300, trei 9 kwa siku, kila trei 7,000, kwa mwezi 1,890,000. Upande wa matumizi niliandika neno "chakula", na mbele yake sikuweka namba yoyote.

Banda la mabanzi na wavu lilikula 1,150,000. Vifaranga 300 wa kuku wa mayai, kwa 2,400 kila mmoja, wakala 720,000. Vyombo, balbu, maranda na chanjo vikachukua 230,000. Nikabaki na 800,000, na kwa kuwa mfuko wa kilo 50 wa chakula ulikuwa 50,000, nikanunua mifuko 16 na kuipanga stoo. Ile mifuko ilivyojaa mpaka karibu na bati, nilijiona nimemaliza kazi. Nilimpigia mama simu nikamwambia mwezi wa kumi namtumia trei ya kwanza.

Vifaranga walifika katikati ya Juni. Usiku wa 4 umeme ukakatika saa 7 hivi. Sikuwa na jiko la mkaa lililoandaliwa, kwa hiyo nikaamka gizani kutafuta mkaa, kiberiti, mafuta ya taa. Jiko lilipokolea ilikuwa imepita karibu saa nzima. Eneo la kulelea nilikuwa nimelitenga kwa mbao kwenye kona ya banda, lina pembe nne. Vifaranga waliposikia baridi walikimbilia pembe moja wakapandana. Wa juu walikuwa wazima wanalia, wa chini walikuwa wameshakosa hewa. Niliwatoa mmoja mmoja kwa mkono, bado wana joto, manyoya yamelowa. Nilihesabu 41.

Kosa hilo dawa yake ni rahisi kiasi kwamba inauma. Zungushia vifaranga wako maboksi yaliyokunjuliwa yatengeneze duara, pasiwe na pembe ya kujazana. Mkaa uwe umewekwa tayari kila usiku, na uwashie nje mpaka moshi uishe ndipo uingize, huku ukiacha nafasi ya hewa, maana hewa ya mkaa huua vifaranga na huua watu pia. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Kama huna kipimajoto, waangalie wao wenyewe: wakijikunyata chini ya taa wana baridi, wakikimbilia ukingoni huku wanahema midomo wazi wameunguzwa, wakitawanyika sawasawa wanakula na kulala, hapo umepatia. Mimi niliyajua haya baada ya kuzika 41.

Sasa nije kwenye chanjo, kwa sababu hapa ndipo nilipopotelea na hapa ndipo naona wengi wanapotelea.

Mtu asiniambie sikuchanja. Nilichanja dhidi ya mdondo siku ya 7 na siku ya 21, na dhidi ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kirusi unaoua kuku wadogo, siku ya 14 na ya 28. Nilifuata kikaratasi cha ratiba ya chanjo kama msahafu. Chanjo nilinunua Dar es Salaam kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji aliitoa kwenye friji, akaifunga kwenye gazeti, nikaitia kwenye mkoba pamoja na simu na leso. Nikapanda basi saa 6 mchana. Foleni ya Kimara kila anayetumia barabara ile anaijua. Nilifika nyumbani saa 10 jioni. Nikachota maji ya bomba, yale yanayonukia dawa, nikachanganya chanjo, nikawawekea, na nikaiacha mpaka kesho yake asubuhi ili kila mmoja apate kunywa. Nilifanya hivyo mara zote nne. Nilikuwa nikitoka bandani nasema alhamdulillahi, hilo limekwisha.

Wiki ya 10 niliingia stoo nikakuta imebaki mifuko miwili. Nilishtuka, nikaanza kuwapunguzia chakula nikijiambia watazoea. Walikuwa wamebaki 251. Kuku waliopunguziwa chakula wanakutazama kwa namna ambayo hutaki kuizungumza na mtu.

Katika wiki hiyohiyo alikuja mchuuzi wa kuku kuulizia kama nitakuwa na majogoo. Nikamkaribisha bandani aone. Aliingia na tenga lake, akalitua juu ya maranda huku tunaongea. Tenga lina manyoya ya kuku wa watu wengine na kinyesi kilichokauka. Nilikuwa na furaha kwamba mnunuzi amekuja kabla hata mayai hayajaanza.

Siku ya 6 baada ya hapo, mwisho wa Agosti, kuku 9 walikuwa wamesinzia, mabawa yameshuka, kinyesi kijani kibichi kama majani ya mchicha yaliyosagwa. Kesho yake wakawa 40. Mmoja alikuwa amepinda shingo mpaka uso unaangalia juu, anazunguka palepale, akijaribu kudonoa anadonoa hewa. Ugonjwa huo kitaalamu unaitwa Newcastle, jina la mji wa Uingereza. Huku kwetu ni mdondo, wengine wanauita kideri. Hauna tiba. Mimi nilinunua dawa za antibayotiki za 85,000 nikawanywesha, na hakuna hata mmoja aliyepona kwa sababu ya dawa hizo, kwa kuwa mdondo ni kirusi na antibayotiki hazigusi kirusi. Pesa hiyo ilikuwa ya kodi ya nyumba.

Ndani ya siku 9 walikufa 205. Walionusurika walikuwa 26. Ukijumlisha utaona kuna 20 hawapo kwenye hesabu, na hao ndio waliochelewesha simulizi hii kwa miaka. Siku ya pili ya ugonjwa, jioni, niliwauza 20 waliokuwa bado wamesimama. Niliwauza mtaani, kwa bei ya kutupa, nikasema nimepata msiba nahitaji nauli. Sita kati yao walinunuliwa na bibi mmoja jirani, mtu wa umri wa kunizaa, aliyekuwa na kuku wake wa kienyeji kama kumi na tano wanaolala jikoni. Baada ya wiki mbili jikoni kwake hakukuwa na kuku hata mmoja. Alipita mlangoni kwangu akanipa pole kwa kuku wangu. Nikamwitikia, nikaingia ndani.

Ukiona ugonjwa usiuze. Usimpe mtu hata bure. Waliokufa wachome moto au wafukie shimo refu pamoja na maranda yao, ufunge banda, umwite mtaalamu. Hasara yako ikishatoka nje ya uzio wako inakuwa ya mtaa mzima.

Miezi iliyofuata niliishi na majibu ya uongo. Kwanza nikasema chanjo ilikuwa feki. Halafu mtu wa karibu akaniambia kuna jicho, tena akanitajia na jina, na mimi nikaacha kumsalimia mwenye jina hilo. Najuta sana hili. Mtu yule hakunikosea chochote, na niliutwisha moyo wangu chuki kwa sababu ilikuwa rahisi kuibeba kuliko kujiuliza maswali.

Aliyenitoa huko ni afisa mifugo wa kata. Alikuja Novemba kwa shughuli nyingine, akaona banda tupu, akauliza. Nikamwaga yote, chanjo feki, majirani, bahati mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole sana, mama. Chanjo ulibebea nini?"

"Mkoba."

"Barafu?"

"Hakuna."

"Ukachanganya na maji gani?"

"Ya bomba."

Akanyamaza kidogo. "Na daftari lako liko wapi?"

Sikuwa na daftari. Sikuweza kumwambia kuku walikula kilo ngapi wiki ya 5, wala wangapi walikufa tarehe gani, wala ni nani aliingia bandani. Akaniomba kalamu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniandikia hesabu mbili. Ya kwanza: kuku wa mayai hula kilo 7 au zaidi tangu utotoni mpaka anapotaga yai la kwanza, wiki ya 18 hadi 20. Kuku 300 ni kilo 2,100, mifuko 42. Mimi nilikuwa na 16. Akaizungushia namba hiyo duara, akasema, "Hata mdondo usingekuja, mama, ungewauza wote Septemba wakiwa wamekonda."

Nililia mbele yake. Nilikuwa nimelilia ugonjwa kwa miezi mitatu, kumbe mradi wangu ulikuwa umekufa siku niliyoandika neno "chakula" bila namba.

Hesabu ya pili ilikuwa ya chanjo. Hizi za kuwanywesha zina virusi hai waliodhoofishwa, na wakishakufa njiani kwa joto unawanywesha kuku maji matupu. Kwa hiyo kuanzia dukani ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu au kisanduku cha baridi, na uifikishe siku hiyohiyo. Maji yawe ya kisima safi au ya mvua, yasiwe na dawa ya kusafishia maji, na chombo kisiwe cha chuma. Kuna unga wa maziwa yasiyo na mafuta unaotiwa gramu 2 hadi 2.5 kwa lita kabla ya chanjo, unailinda. Ondoa maji bandani saa 1 hadi 2 ili wawe na kiu, fanya asubuhi kabla ya jua kali, na weka kiasi watakachomaliza ndani ya saa 2. Vyombo viwe vingi, kila kuku afikie kwa wakati mmoja, la sivyo wenye nguvu watakunywa dozi ya wanyonge. Ratiba ya siku uulize kwa mtaalamu wa eneo lako, maana hubadilika kulingana na magonjwa yaliyopo.

Kulikuwa bado na kikoba. Mkopo na riba vilikuwa 2,200,000, na nilikuwa na wadhamini wawili, wanawake wenzangu wanaouza mboga. Jumapili moja nikasimama mbele ya lile sanduku la funguo tatu nikasema sina, nikaeleza na sababu, ikiwemo mifuko 16. Nilidhani watanicheka. Mweka hazina aliuliza swali moja tu, naweza kulipa kiasi gani kwa wiki bila kudanganya. Nikasema 40,000. Nikapika vitumbua na chapati kituoni, kuamka saa 9 usiku, na nikamaliza deni Desemba 2020. Ukikwama na deni, nenda kasimame mbele ya waliokukopesha mapema. Wiki nne nilizojificha ndizo zilizowaumiza wadhamini wangu, kuliko hata kiasi chenyewe.

Nilirudi kwenye kuku Juni 2021. Vifaranga 100, si 300. Kabla sijawalipia nilikuwa na pesa ya mifuko 14 ya chakula pembeni, na nilijiwekea sharti kwamba pesa hiyo haipo hata mtoto akifukuzwa ada. Banda nikaliosha, nikalipaka chokaa, nikaliacha wazi lipigwe jua. Mlangoni nikaweka beseni la maji ya dawa na viatu vya bandani ambavyo havitoki. Wachuuzi wote wanaishia getini, na tenga linabaki barabarani. Kuna mmoja alininunia kwa hilo. Akaendelea kununua kwa wengine, nikamwacha.

Na nikanunua daftari, la kurasa 96. Kila jioni naandika tarehe, waliokufa, chakula walichokula kwa kilo, maji, hali ya kinyesi, aliyeingia. Inachukua dakika 5. Wiki mbili za kwanza niliona napoteza muda. Wiki ya 5, jioni moja, nikaandika chakula kilo 3 kasoro, nikainua macho juu ya ukurasa: jana yake kilo 4, juzi kilo 4. Kuku wote walikuwa wanatembea, hakuna aliyesinzia, ukiwatazama kwa macho utasema wazima. Nikachukua tochi nikarudi bandani nikainama kwenye maranda. Karibu na chombo kimoja cha maji kilichokuwa kinavuja, maranda yalikuwa yamelowa na kushikana kama ugali, na juu yake kinyesi chenye damu. Ilikuwa koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo unaowaharisha kuku damu. Kesho yake asubuhi nilikuwa na dawa ya amprolium kwenye maji, nimetoa maranda yaliyolowa, nimeziba chombo. Walikufa 3. Kwa macho peke yake ningegundua siku mbili au tatu baadaye, na koksidia haisubiri.

Kuku wakaanza kutaga mwanzoni mwa Novemba. Yai la kwanza lilikuwa dogo, lina tone la damu kwenye ganda. Nililishika nikakaa chini. Kufikia Januari kuku 91 walikuwa wananipa karibu trei 2 na nusu kila siku, chakula kilo 11.

Usidhani makosa yaliisha hapo. Februari 2022 bei ya chakula ilipanda nikaamua kuchanganya mwenyewe: paraza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa ya mifugo, na ule mchanganyiko wa vitamini na madini. Niliokoa kama 9,000 kwa kila mfuko. Baada ya siku 10 daftari likawa linasema trei 2, kisha trei 1 na nusu. Nilirudia kila kiungo mpaka nikafika kwa dagaa. Nikachukua kilo moja nikaimwaga kwenye ndoo ya maji. Dagaa wakaelea, na chini ya ndoo ukatua mchanga, konzi mbili nzima. Nilikuwa nalipia mchanga kama protini. Tangu siku hiyo nanunua dagaa baada ya kuwatia majini mbele ya muuzaji, na aliye mkweli hakatai. Mayai yalichukua karibu mwezi kurudi.

Watu wengi wakisikia nimefanikiwa huniuliza siri ya chakula au aina ya vifaranga. Naona wanauliza mahali pasipofaa. Karibu kila shilingi niliyopoteza ilipotea kwenye jambo ambalo ningeweza kuliona wiki moja kabla kama ningekuwa nimeliandika: pembe ya banda, mkoba usio na barafu, stoo inayopungua, tenga la mgeni. Nilikuwa na macho na sikuwa na kumbukumbu. Na kuku, tofauti na ng'ombe, hawakupi muda wa kukumbuka polepole.

Lile la bibi jirani niliendelea kulibeba. Machi 2022, mauzo yalipotulia, nilinunua mitetea 6 ya kienyeji na jogoo mmoja, nikawachanja, nikakaa nao wiki tatu kuhakikisha ni wazima. Jumamosi jioni nikaenda nao jikoni kwake. "Shikamoo, bibi." Akaitikia. Nikamwambia kwamba wale sita nilimuuzia nikijua wanaumwa, na kwamba sikuwa na msiba wowote. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Baada ya muda akasema, "Nilijua, mwanangu. Kuku mzima hauzwi 3,000." Kisha akaniuliza hao wapya wanalala wapi usiku huu, maana banda la mle jikoni alishalivunja kuni.

Tulilijenga kesho yake, la fito na mabati chakavu. Kuku wa kienyeji wanaozurura huwezi kuwanywesha chanjo kwa mpangilio, kwa hiyo kwake tunatumia chanjo ya mdondo ya tone, TEMEVAC, inayotengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari hapahapa nchini. Inavumilia joto kuliko zile nyingine, ingawa mimi naibeba kwenye barafu vilevile. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Tunafanya jioni kuku wakishaingia, yeye anashika, mimi nadondosha, na mjukuu wake wa darasa la tano anaandika kwenye daftari la bibi idadi na tarehe. Sasa hivi wako 23. Majirani wengine watatu wameanza kuleta wa kwao siku hiyohiyo, kwa sababu chupa ikishafunguliwa haifai kuwekwa, na dozi zake ni nyingi kuliko kuku wa nyumba moja.